Tarehe 4 ya Desemba, wachimbaji twende ku pori na familia



Mwezi wa kumi na mbili unakaribia. Tarehe 4 ni siku ya mtakatifu Barbara, Sainte-Barbe, ambayo wachimbaji wa inchi nyingi wanaishika kama siku yao, wenye kusali na wasiosali. Kesho yake, tarehe 5, ni siku ya mti mu Kongo yote, Journée nationale de l'arbre. Siku mbili zinafuatana, moja ya mtu anayechimba chini, ingine ya mti unaosimama juu, na sisi hatujafikiri hata mara moja kuziunganisha. Ya kwanza tunaimalizia ku meza ya bia. Ya pili tunawaachia wakubwa wapande mti mmoja mbele ya kamera, wapigiwe makofi, warudi ku biro.

Wazo letu ni hili: mwaka huu kila sendika, kila kamiti ya wake wa wafanyakazi, kila kartie na kila paroisse itafute pori moja la karibu lenye miti bado, na tulale zamani tarehe 3, tuamke mapema, twende kule na watoto kushinda siku nzima. Si kwa kukata kuni. Si kwa kutafuta makala. Kwenda kutembea, kula, kupumzika, kuonyesha watoto miti na bowa, kusikiliza wazee wa kijiji. Nani hapati ruhusa tarehe 4 sababu iko mu tur yake, aende siku ya yenga inayofuata.

Najua vile wengine watacheka. Mu Lubumbashi neno «pori» limekuwa tusi. Mtoto asiyejua kukaa ku meza tunamwambia «we mtoto wa pori». Mtu mwenye kuchelewa kuelewa, «ametoka ku pori». Wazazi wetu walitoka ku vijiji kuja ku kamp ya sosiete, walipata nyumba ya matofali, posho ya bunga, shule, hospitali, na wakajifunza kwamba pori ni kitu cha kuacha nyuma. Siwalaumu. Lakini sisi watoto wao tumebaki katikati: posho imekwisha, kamp imechoka, na pori hatulijui tena.

Tuseme basi pori letu ni nini. Wenye kusoma wanaliita miombo, ao kwa kifransa forêt claire, sababu jua linapita kati ya majani na chini kunaota nyasi. Haiko pori jeusi kama lile la Ekwateri. Miti yake mikubwa ni muputu, mutondo, musamba na ndugu zao. Kuna mulombwa wenye utomvu mwekundu kama damu, na musuku wenye kutupatia yale matunda ya masuku ba mama wanauza mu sahani ku kando ya barabara. Pori hili linatoka Angola, linapita kwetu na Zambia, linaenda mpaka Tanzania na Msumbiji. Lubumbashi, Likasi, Kambove, Fungurume, Kolwezi, miji yetu yote ya mukuba ilijengwa ndani yake. Sisi ni watu wa miombo hata kama hatujui.

Na lina jambo moja la ajabu, ambalo watu wengi wa kazi hawajaliona hata mara moja. Mwezi wa tisa, wakati jua linachoma na vumbi ya karyeri imefunika kila kitu, mvua haijanyesha miezi mitano, miti ya miombo inatoa majani mapya. Haingoji mvua. Na majani yale hayatoki kijani: yanatoka mekundu, rangi ya mukuba, mengine kama divai, kisha polepole yanageuka kijani. Mtu anafanya miaka makumi mbili mu mine, anapita na basi ya sosiete saa kumi na moja ya asubuhi, amelala na kichwa ku kioo, haoni. Wageni wanalipa tiketi ya ndege kwa kuona kitu kama hiki.

Ndugu mmoja delege aliniuliza juzi, na haki iko naye: «Mishahara ya wenzetu wa sosiete ndogo zile za kukodisha watu haitoshi hata nusu mwezi, na wewe unatuletea hadithi ya miti?» Nilimjibu vile nitakavyowajibu nyote. Mishahara tutaendelea kuipigania, hatuachi. Sheria ya kazi ya wakandarasi wadogo iko tangu 2017, na bado kuna wenzetu wanaovaa kofia moja na sisi, wanashuka ku shimo moja na sisi, lakini wanalipwa nusu yetu. Hilo liko ku meza na litabaki ku meza. Lakini mfanyakazi haiko mkono tu wa kulipwa. Iko na mapafu, iko na macho, iko na mtoto anayemwona saa mbili tu kwa siku. Kama sendika inajua kudai maski ya vumbi, itajua pia kudai mahali ambapo maski haihitajiki. Mapumziko ni dai la wafanyakazi tangu zamani sana. Watu waligoma na wakafa juu ya saa nane za kazi. Saa zile zingine walizitaka kwa kufanya nini? Kwa kuishi.

Tena pori linaingia mu mfuko wa nyumba. Hebu tuongee juu ya bowa.

Mvua ya kwanza ikishanyesha, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa pili, ba mama wanasimama ku barabara ya Kasumbalesa, ya Likasi, ya Kipushi, na ndoo na mabeseni ya bowa: ya manjano, ya mweupe, ya mwekundu, na ile kubwa inayoota karibu na kichuguu, moja inatosha kulisha nyumba. Watu wa mjini wanafikiri bowa inaota tu, kama majani. Sivyo. Bowa nyingi za miombo zinaishi na mizizi ya miti. Uzi mwembamba sana wa bowa unafunga mzizi wa muputu ao wa mutondo chini ya udongo. Bowa inauletea mti maji na chumvi za udongo, mti unailipa sukari inayotengenezwa na majani. Ni kontra ya watu wawili. Ukikata mti, kontra imevunjika, na bowa haiji tena pale mpaka miti irudi. Njo maana hakuna mtu anayelima bowa hizi mu shamba, na hakuna usine inayozitengeneza. Ile kubwa ya ku kichuguu iko na njia yake ingine: inalishwa na mchwa wenyewe, wanaoilima ndani ya kichuguu kama sisi tunavyolima mihogo.

Na vile vichuguu vyetu! Mu Katanga viko vya metre tano, na vinafika hata nane. Sisi tunaviangusha kwa kufyatua matofali, sababu udongo wake ni mzuri. Nyumba nyingi za Kenya na Katuba zilizaliwa ndani ya kichuguu. Sisemi watu waache kujenga. Nasema mtoto wa fundi wa matofali ajue kwamba kile kilima ni mji wa wadudu wenye kulima.

Kisha kuna vidudu vya kula vya ku miti, ambavyo vinachagua mti wao na mwezi wao. Kuna asali. Kuna munkoyo, ambayo inatoka ku mzizi wa pori na si ku chupa. Kuna kikanda, ile wanauza vipande vipande kama nyama, na ambayo watu wengi hawajui kwamba ni viazi vidogo vya ua la pori; leo inatafutwa mbali sana sababu ile ya karibu yote imechimbuliwa. Ukiweka ku karatasi kila kitu ambacho nyumba ya mfanyakazi inanunua mu msimu wa mvua na ambacho kimetoka ku pori, utaona kwamba pori nalo ni mwajiri, tena mwajiri asiyechelewesha mshahara.

Jambo ambalo linaniuma zaidi ni kwamba sisi wa mine tunafikiri kazi yetu na pori ni maadui tangu kuzaliwa. Wazee wetu walioyeyusha mukuba mbele ya mzungu kufika, Basanga na wengine, kisha Bayeke wa wakati wa M'siri, waliyeyusha kwa nini? Kwa makala ya miti ya miombo. Tanuru zao walizijenga kwa udongo wa kichuguu. Na mukuba waliupataje bila mashini ya kupima? Waliusoma ku pori. Palipo na mukuba mwingi mu udongo, miti inakataa kuota. Unakuta kilima cheupe katikati ya pori, nyasi tu na maua madogo. Kuna ua moja, wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, na wengine wanasema tu ua la mukuba. Linavumilia sumu ambayo inaua mimea mingine. Mvua inapopita linafunika udongo rangi ya samawati na zambarau. Mtafutaji wa zamani akiona kilima kile, alipiga jembe. Kazi yetu ilianza kwa watu waliojua kuangalia majani.

Leo vilima vya ua lile vinaliwa kimoja kimoja na karyeri, na mimea mingine inayoota ku mukuba wa Katanga peke yake, isiyopatikana kokote ku dunia, inakwenda pamoja na udongo. Wangapi kati yetu wamewahi kuinama kuangalia ua lile? Tunalikanyaga na buti.

Mu Lubumbashi tunaona pia upande mwingine wa hadithi. Tangu 1911 usine ya kuyeyusha ilitoa moshi wake, na upepo uliupeleka upande mmoja miaka na miaka. Nenda Penga Penga uone. Miti ilikufa, udongo ukabaki mtupu, na watafiti wa UNILU walilazimika kujaribu kupanda nyasi zinazovumilia mukuba ili vumbi ile isiruke mu nyumba za watu. Kabla ya kufika pale, kulikuwa miombo kama ile ingine.

Mwaka jana, mu mwezi wa kwanza, seksio yetu ilijaribu. Tulikodisha mabasi mawili kwa mchango wa kila mtu, tukabeba bunga, samaki, maji, mikeka. Tulitoka Lubumbashi asubuhi, tukafika ku kijiji kimoja ambapo yaya wa mwenzetu ameolewa. Chef wa kijiji alitupokea, tukamwachia sukari na sabuni kama desturi inavyotaka, naye akatupatia mama mmoja mzee atuongoze. Ule mama hakusoma, lakini alitufundisha kuliko mwalimu. Alikuwa anagusa gome la mti na kutaja jina, na ku jina aliongeza kazi yake: huu ni wa kamba, huu ni wa dawa ya tumbo, huu haukatwi. Watoto walimfuata kama vifaranga. Mtoto mmoja wa miaka tisa hivi, wa Kampemba, aliona bowa imeota chini ya jani, akamwuliza mama yake: «Hii nani ameiweka hapa?» Watu walicheka, lakini mimi sikucheka sana. Mtoto yule hakuwahi kuona bowa isipokuwa ku beseni la kuuza.

Mwenzetu mmoja wa konkaseri, mtu wa vumbi tangu miaka kumi na sita, alitandika mkeka chini ya mutondo na akalala masaa matatu bila kuamka. Mke wake alituambia ku nyumba halali vile. Anaamka kila saa akifikiri king'ora cha tur kimelia.

Kurudi njo tukaona kitu. Mama mzee alitaka kutupitisha njia ya mkato, njia ya siku zote ya wanawake wa kijiji kwenda ku bowa. Tukakuta waya. Sosiete moja ilikuwa imepata karatasi yake, ikafunga waya na kuweka walinzi, na mashini hazijafika bado. Mlinzi, kijana wa adabu, alisema tu: «Mzee, mimi nimepewa amri.» Wanawake wale sasa wanazunguka mbali, na beseni ku kichwa na mtoto ku mgongo. Hakuna aliyewauliza. Na mu basi lile tulikuwa watu wa mine watupu, wenye kuvaa mashati ya mine, tukiangalia waya wa mine.

Hapa njo ninapotaka ndugu zangu wa sendika wafungue macho. Sheria ya mine iliyobadilishwa ku 2018 inasema kila sosiete inayochimba itoe 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu, na isaini na wale watu kitabu cha ahadi, cahier des charges. Tunajua vitabu vile: shule, pompe ya maji, sentre ya afya, barabara. Vizuri kabisa, na vifanywe kweli. Lakini ni wapi umesoma ndani yake: «Pori hili, kutoka mto huu mpaka kilima kile, litabaki, na njia ya wanawake itabaki wazi»? Hakuna gharama ya simenti mu sentensi ile. Inaomba tu mtu wa kuisema wakati wa kuandika. Chef wa kijiji akiwa peke yake mbele ya wanasheria atasahau. Sisi tunaofanya kazi ndani ya sosiete, tunaojua ramani na programu, tuko na njia ya kumwambia mbele ya wakati.

Tena kuna njia ingine. Sheria ya pori ya 2002 ilifungua mlango, na dekre ya mwaka 2014 ikaeleza vile kijiji kinaweza kuomba pori lake lenyewe, forêt des communautés locales, mpaka hekta 50.000, bila mwisho wa miaka na bila kulinunua. Vijiji vya Haut-Katanga vimeshaanza kupita ku njia hii. Kijiji chenye karatasi kinaongea na mwenye waya kwa sauti ingine. Na kijiji kinachopokea wageni wa mjini kila mwaka, kinachouza bowa na munkoyo na kuku siku ile, kinaona faida ya kuacha miti isimame. Wewe unayekwenda kutembea tu, unasaidia karatasi ile bila kujua.

Sasa, makala. Siwezi kuandika juu ya pori mu Katanga na kukimbia makala, sababu msomaji atanitupia gazeti. Ndiyo, miti yetu inaisha zaidi ku mbabula kuliko ku karyeri. Angalia barabara ya Likasi saa ya jioni, baiskeli zimepakiwa magunia mpaka mtu anayesukuma haonekani. Zamani makala yalichomwa karibu na mji. Leo yanatoka mbali, na kila mwaka mbali zaidi. Lakini nisisikie mtu akimlaumu mama wa Katuba. Kuran inakatika, na mara nyingi inakwenda kwanza ku usine kabla ya kufika kwake. Atapika bukari na nini? Inchi yenye maji ya Nzilo na ya Inga, na wake wa watu wanaoyeyusha metali ya betri za dunia nzima wanapika na mti. Hilo ni dai ingine, na tunaliweka ku listi.

Lakini kuna habari nzuri ambayo watu wa makala wenyewe wanaijua: miombo haifi upesi. Ukikata muputu, kisiki kinatoa machipukizi, mizizi inatoa mengine. Ukiacha pale miaka, pori linarudi, bila mtu kupanda. Kinacholiua kabisa ni kuchimbua visiki, na moto. Kule Ndola, ng'ambo tu ya mpaka, ku mukuba wa wenzetu wa Zambia, walianza mwaka 1933 kuchoma vipande vya pori kwa majaribio: kimoja kila mwaka mwanzo wa kiangazi, wakati nyasi haijakauka sana, kingine kila mwaka mwisho wa kiangazi, kingine hakiguswi. Kile cha moto wa mwisho, miti ilikwisha, kikabaki nyasi. Kile kisichoguswa, miti iliongezeka na kufungana. Kile cha moto wa mapema, miti ilibaki. Basi mtu anayewasha moto mwezi wa tisa kwa kufukuza panya, kwa kiberiti kimoja, anaharibu kuliko mkata makala mwenye shoka. Watoto wetu wajue hilo, sababu mara nyingi ni watoto wanaowasha.

Njo maana nina wasiwasi kidogo na ile desturi ya kupanda miti tarehe 5. Sipingi mti. Lakini kila mwaka tunaona akasia ya mtungi, shimo moja, mkubwa mmoja, koti moja, na mwezi wa nane ukipita pale unakuta kijiti kikavu na mbuzi. Pesa ya kofia na mashati ya siku ile ingelipa walinzi wa moto wa vijana wa kijiji kwa kiangazi kizima. Hekta moja ya visiki vya muputu iliyoachwa bila moto itakupatia miti mingi kuliko sherehe kumi.

Kwa hiyo safari yetu isiwe sherehe. Tafadhali msialike wasemaji. Msitengeneze bendera. Mtu wa politiki akitaka kuja, aje na mke na watoto, abebe mkeka wake.

Mambo ya kuangalia yako machache, lakini ni ya kweli. Kwanza chef: hakuna pori lisilo na mwenyewe, hata kama halina waya. Mtumeni mtu wiki mbili mbele, aulize mahali gani pa kupita na mahali gani si pa kukanyaga, sababu kuna makaburi na kuna miti ya wazee wa zamani. Bowa: hakuna mtu wa mjini anayeweka bowa mu sufuria bila mama wa kijiji kuiangalia moja moja, ziko zinazoua nyumba nzima, na zinafanana na zile nzuri. Mvua ya Desemba inakuja na radi, hivyo mtu asijikinge chini ya mti mrefu peke yake, na basi ikae karibu. Watoto wavae viatu vya kufunga, sababu ya nyoka. Sachet na chupa zote zinarudi mjini na aliyezileta. Mziki wa kelele ubaki Kamalondo, ambako umezaliwa vizuri.

Na bia? Sitajifanya padri. Lakini dereva asinywe, na wanaume wasiketi duara moja chini ya mti wakati wake zao wanapika, wanaosha na kubeba watoto, kisha jioni tuseme familia imepumzika. Kama siku hii ni kazi ya ku nyumba iliyohamishiwa ku pori, ba mama watakuja mara moja tu. Wapike wanaume siku ile. Tulifanya hivyo mwaka jana. Bukari ilikuwa na madonge, hakuna aliyekufa.

Kwa wenzetu wa Kolwezi najua ni vigumu zaidi. Mji wenu umezungukwa na mashimo na rundo, na ku kartie zingine watu wamechimba mpaka ndani ya lupango. Lakini ukitoka mjini miombo iko bado, na basi za sosiete ziko zinalala siku ya yenga. Wa Likasi na Kambove mko na bahati ya vilima. Wa Lubumbashi tunajua kwamba Mikembo, kilometre makumi tatu na kitu, miti imelindwa, na watafiti wamepima mmoja mmoja ku hekta 10. Inaomba sendika iende kuongea nao juu ya siku ya watoto wa wafanyakazi. Kundelungu na maporomoko yake ya Lofoi, yanayoanguka zaidi ya metre 300, ni safari ya siku nyingi na ya pesa nyingi. Tusianze na Lofoi. Tuanze na pori la kilometre makumi mbili ambalo hakuna anayelitangaza.

Delege wote, barua ya kuomba basi iandikwe sasa, mbele ya mwisho wa mwezi wa kumi. Iandikwe ku sosiete kubwa hata kama wafanyakazi wengi ni wa sosiete ndogo, na ku barua iandikwe wazi: watu wote wa saiti, bila kuangalia rangi ya badge. Wakikataa basi, wajibu kwa karatasi, na karatasi ile tutaiweka pamoja na zingine. Wakikubali, kila basi ibakize viti vitano kwa wajane wa wenzetu waliokufa ku kazi na watoto wao, sababu kwao tarehe 4 ya Desemba ni siku ndefu.

Na kule ku waya, njia ile ya wanawake bado imefungwa. Tumeshaomba ramani ya konsesio ile ku kadastre. Tutawaambia jibu ku ukurasa huu.